Sentimita Tisa

Baba yangu alipima nusu ya jiji la Bukavu kwa miguu. Alikuwa mpimaji wa viwanja serikalini tangu enzi za Wabelgiji hadi siku walipomstaafisha bila hata kumpa mkono, na hapakuwa na mteremko wa Kadutu ambao hakuujua kwa mita zake. Ukimwambia nyumba fulani iko mbali, alikuuliza: mbali kiasi gani? Watu wengi walimwona msumbufu. Mimi, niliyezaliwa na haraka zangu, nilimwona msumbufu mara mbili. Lakini nilibeba jina la mama yake, kwa hiyo tangu utotoni aliniita Maman, na katika mambo mengi alinitii kuliko alivyomtii mtu mwingine yeyote. Ninaliandika hilo mapema ili ieleweke kwamba aliponiamini, aliniamini kabisa.

Yaliyotupata yalitupata katika vita vya pili vya nchi yetu, wakati nchi ilipokuwa imekatwa vipande na kaka yangu mkubwa, aliyekuwa Kinshasa, amebaki upande wa pili wa mapigano. Mama yetu alikuwa ameshafariki. Baba aliishi Kadutu, katika nyumba yake ya matofali, pamoja na dada yake mjane, shangazi yangu, ambaye kazi yake ilikuwa kumpikia na kumgombeza. Mimi niliishi Nguba na watoto wangu wawili, na nilikuwa katibu katika ofisi moja ya Kanisa huko Muhumba. Kutoka kwangu hadi kwa baba ni saa moja kwa miguu ukiwa na pumzi ya kupanda. Miaka ile lakini njia haikupimwa kwa saa. Ilipimwa kwa vizuizi vya askari, ambavyo sisi tuliviita barieri, na siku nyingine barieri moja ilitosha kukurudisha nyumbani.

Baba alikuwa na miaka sabini na sita alipoanza kukonda. Kumbe alikuwa anaona damu chooni karibu mwaka mzima na hakusema, maana mzee wa kwetu hazungumzi na binti yake habari za choo. Shangazi ndiye aliyeziona nguo, akaniambia, na kesho yake nikampeleka hospitali bila kumwuliza. Walimpiga picha kwa ile dawa nyeupe wanayoiingiza kwa nyuma. Nilionyeshwa picha hiyo dirishani: upande wa kushoto, utumbo mpana ulikuwa umebanwa kama mfuko uliofungwa kamba katikati. Sihitaji kuwa daktari kujua kwamba mfuko haujifungi wenyewe.

Hospitali hiyo ilikuwa na daktari mzee wa upasuaji, mtu mfupi, mwenye sauti ya chini, aliyekuwa amefungua matumbo ya nusu ya mji, mengine kwa mwanga wa taa ya mafuta. Na miezi ile alikuwepo pia kijana, mtoto wa Kadutu aliyesomea Ulaya na kubaki huko, ambaye kila likizo alipita Rwanda na kuvuka mpaka akiwa na masanduku matatu ya bati. Ndani ya masanduku kulikuwa na kamera, kioo cha televisheni, mtungi wa gesi, na vyuma virefu vyembamba. Huyu hakufungua tumbo. Alilitoboa mahali panne, akalijaza gesi, akaingiza kamera na vyuma vyake, akafanya kazi akitazama kioo. Kadutu waliposikia hayo walicheka wiki nzima, wakisema papa, kama tunavyowaita baba na wazee, atapasuliwa na mtu anayeangalia mpira.

Madaktari wote wawili walikaa na mimi, baba akiwa nje kwenye benchi. Walisema ni kansa, na kwamba lazima kipande hicho cha utumbo kitoke kabla hakijajifunga kabisa. Hapo hawakutofautiana. Walitofautiana juu ya mlango. Kijana alieleza vizuri, kwa subira. Kwa wazee, alisema, mara nyingi wembe hauui. Kinachoua ni siku zinazofuata. Mzee aliyepasuliwa toka kifuani hadi chini anaumwa, na kwa kuwa anaumwa hakohoi, mapafu yanajaa. Hainuki kitandani, damu inaganda miguuni. Aliyetobolewa matundu huketi kesho yake na kuomba chai. Daktari mzee hakubisha. Alisema tu kwamba operesheni ya matundu ni ndefu zaidi, umeme wa mji huu ni mgeni, moyo wa miaka sabini na sita haupendi kulazwa kichwa chini na tumbo limejazwa gesi, na mkono unagusa vitu ambavyo kamera haivioni. Kisha akasema neno moja ambalo mimi nililiita wivu wa mzee kwa kijana.

“Kidonda kikubwa inaogopesha batu,” alisema kwa Kiswahili chetu cha Bukavu, ambacho njo yake ni ndiyo. “Na ile woga njo inalindaka mugonjwa.”

Baadaye kijana aliniuliza swali ambalo kwetu lina jibu kabla halijaulizwa: je, tutamwambia mzee? Kwetu daktari hamwambii mgonjwa, anaiambia familia. Na familia haimwambii mzee, inamtunza. Hata neno lenyewe hatukulitamka nyumbani. Tulisema “ule ugonjwa,” na mtu akisema hivyo kila mmoja alishusha sauti. Nilijibu kwamba hapana, tusimuue kabla ugonjwa haujamuua. Kaka hayuko, mama hayuko, nikaamua mimi. Nikatoka nje hadi kwenye benchi nikamwambia baba kwamba kuna kanyama kadogo kameota katika matumbo, kanazuia chakula kupita, na watakatoa. Akaniuliza kadogo kiasi gani. Nikamwonyesha ncha ya kidole changu cha mwisho. Nikamwambia shangazi vivyo hivyo, na kidole kile kile.

Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba nilichagua matundu kwa ajili ya mapafu ya baba. Mapafu yalikuwemo, sikatai. Lakini nilipokuwa nimeshika kalamu ya kutia sahihi, nilichokiona mbele yangu ni baba akiamka na mshono unaotoka kifuani hadi chini ya kitovu, akinitazama na kuniuliza ni nyama gani hiyo ndogo inayohitaji mlango wa namna hiyo. Matundu yalikubaliana na uongo wangu, kwa hiyo niliyapenda. Nikatia sahihi haraka kama kawaida yangu.

Ilikuwa Jumatatu. Jenereta ya hospitali ilinguruma tangu asubuhi, na mafuta tuliyakusanya wiki nzima huku na huku, kidumu baada ya kidumu. Operesheni ilichukua zaidi ya saa nne. Mimi na shangazi tulikaa kwenye korido, yeye na rozari yake, mimi na kucha zangu. Mara mbili lori la askari liliingia uani na kushusha majeruhi kutoka upande wa Walungu, na kila jenereta ilipopunguza sauti nilisimama. Haikuzimika. Nasema hivyo kwa sababu wote walionisikiliza baadaye walidhani kosa lilikuwa la umeme.

Kwetu kuna desturi. Kilichotolewa tumboni huonyeshwa kwa familia, ndani ya beseni, ili isije ikasemwa kwamba mgonjwa alikatwa bure au kwamba kimechukuliwa kitu kingine. Kijana alifungua mlango akaniita. Shangazi naye akainuka, akajifunga kitenge vizuri, tayari kuingia, maana yeye ndiye mkubwa. Nikamzuia kwa mkono. Nikaingia peke yangu na kufunga mlango.

Ndani ya beseni kulikuwa na kipande cha utumbo kirefu kama kutoka kiwiko changu hadi kiganja, na katikati yake uvimbe mgumu wenye rangi ya kijivu uliozunguka pande zote. Walikivuta kupitia mkato mmoja mfupi chini ya kitovu. Kijana alikuwa amechoka na mwenye furaha. Alisema ametoa kila alichokiona, na zile ncha mbili za utumbo ameziunganisha. Nilipotoka nikamwambia shangazi kwamba kalikuwa kadogo sana, wamekwisha kukatupa.

Aliutazama mlango niliotokea. “Tangu lini banatupa mbele familia haijaona?”

Nikasema ni metodi mpya, njia ya kisasa. Akaketi. Sikupenda jinsi alivyoketi.

Kesho yake baba aliketi kitandani na kuomba chai, kama ilivyoahidiwa. Siku ya tatu alitembea korido nzima akihesabu hatua. Kitanda cha jirani kulikuwa na mzee wa rika lake, mkulima kutoka Kabare, ambaye daktari mzee alimfungua kwa njia ya zamani, na yule maskini alikuwa hawezi kukohoa bila kukumbatia mto. Mkewe alimkataza kila kitu: asigeuke, asicheke, asisalimie watu kwa nguvu. Ndugu waliokuja kumwona walinong'ona. Kwa baba, wageni waliketi kitandani, wakapiga porojo, mmoja akampiga bega. Kijana alipita kila asubuhi na uso wa mtu ambaye kazi yake imemjibu, na ilikuwa haki yake. Mpaka hapo alikuwa sahihi katika kila alichosema.

Jumamosi wakaomba kitanda, maana majeruhi walikuwa wamelala chini. Kijana mwenyewe alikuwa anarudi Ulaya kesho yake. Alinivuta pembeni ya ngazi, na maneno aliyoniambia nayakumbuka yote.

“Inje iko kidogo, lakini ndani ni sawa na ya kupasua. Utumbo imeshonwa. Toka siku ya tano mpaka ya kumi njo tunaogopaka. Homa ikikuya, tumbo ikivimba, usingoje kesho. Umulete ile siku.” Kisha akaniuliza nani atalala na mzee nyumbani. Nikasema shangazi. “Basi aelezwe,” akasema. Nikamjibu ndiyo.

Sikumweleza. Nilimwambia shangazi ampe supu nyepesi na amwache apumzike. Akauliza kupumzika kwa nini, ikiwa kalikuwa kanyama kadogo. Nikasema kwa sababu ni mzee. Wakati ule niliona ni jibu zuri, hata nikajipongeza moyoni kwa wepesi wangu wa maneno. Ningekuwa na uwezo wa kurudi mahali pamoja tu maishani mwangu, ningerudi pale jikoni Kadutu, Jumamosi ile, shangazi akiwa anachambua mchele, nikafunga mlango na kulitamka lile neno.

Mchana huo baba alitoa futi yake ya kazi, akainua shati mbele ya wageni, akajipima. Tundu la kwanza sentimita moja. La pili moja. La tatu na la nne vile vile. Mkato wa chini ya kitovu, tano. Akajumlisha kwa sauti: tisa. Alisema alikuwa amemwomba yule mkulima wa Kabare ruhusa na kumpima naye kabla hajaondoka, na yule alikuwa na thelathini na mbili. Kwa hiyo, akawaeleza wageni kama anayesoma hati ya kiwanja, ugonjwa wake ulikuwa zaidi kidogo ya robo ya ugonjwa wa mwenzake. Watu walicheka, nami nikacheka. Lakini niliona kwamba yeye hakuwa anatania. Alikuwa amepima, na kwake kilichopimwa kimekwisha kujulikana.

Jumapili asubuhi, nilipofika kutoka misa ya kwanza, nilimkuta anapanda njia na kidumu cha maji cha lita tano. Mabomba yalikuwa yamekauka wiki hiyo, na chini kwenye chemchemi askari walikuwa na tabia ya kuwazuia wanawake kwa maswali yasiyokwisha. Ndiyo maana alikwenda yeye. Nilimnyang'anya kidumu na kumkaripia kama mtoto. Akaniuliza kwa nini. Nikasema tu kwamba mimi ndiye Maman na nimekataza. Akacheka, akanitii, akaenda kulala. Jioni haijafika nikateremka Nguba kwa watoto wangu, na sikuona ubaya wowote usoni kwake.

Risasi zilianza Jumatatu, kweupe, watu wakielekea kazini. Sijui hata leo nani alianza, na walionieleza kila mmoja alinieleza tofauti. Tulilala sakafuni, mimi na watoto, kichwa chini ya dirisha, na mlio ulikuwa unatoka juu, upande wa Kadutu, unanyamaza, unaanza tena. Barabara zote zikafungwa. Simu za mkono miaka hiyo zilikuwa za wakubwa. Nilihesabu kwa vidole: Jumatatu ilikuwa siku ya saba tangu operesheni. Toka siku ya tano mpaka ya kumi. Ziwa lilikuwa limetulia mbele yangu, hakuna hata mtumbwi, na moshi ulikuwa unapanda mahali fulani nyuma ya soko. Nilijua kitu ambacho kule juu hakuna aliyekijua, na mimi nilikuwa huku chini. Woga nilioupata siku ile haukuwa wa risasi.

Jumanne katekista mmoja alipita Nguba akiwa na kitambaa cheupe kwenye fimbo, anawapelekea watu habari za ndugu zao. Akanipa yangu: papa anasema yuko mzima, kidonda kimekauka, nisipande, njia ni mbaya. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nikawapikia watoto, nikala nao. Sikumwuliza katekista kama alimwona baba kwa macho. Nilikuja kujua kwamba baba alizungumza naye kupitia dirisha, amelala, na kwamba wakati huo alikuwa na homa tangu asubuhi ya siku iliyotangulia.

Alhamisi walifungua njia. Nilipanda kwa haraka ambayo sijawahi kuwa nayo. Sokoni milango ilikuwa imevunjwa, na viatu vya watu vilikuwa vimetawanyika barabarani, kimoja kimoja. Kwenye barieri askari kijana aliniuliza kwa Kilingala ninaenda wapi. Nikamjibu kwamba nakwenda kumwona baba yangu, amefanyiwa operesheni ndogo. Hata yeye nilimwambia ndogo.

Shangazi alikuwa mlangoni, ameshika kikombe. Hakuwa amelala siku tatu. Alisema ni malaria, imempata Jumatatu, imekuwa kali; amempa vidonge vya kinini, na alipoona haishuki akaongeza. Alikuwa amefanya kile ambacho kila nyumba ya Kadutu ingefanya: kwetu homa ni malaria hadi ithibitike vingine, na nani angethibitisha, risasi zikilia? Baba alikataa kula, kwa hiyo alimeza vidonge hivyo tumbo likiwa tupu. Niliingia chumbani. Macho yalikuwa yameingia ndani, na alipumua kwa juu juu. Nikainua shati. Matundu manne yalikuwa makavu, mazuri, hata wekundu hayakuwa nao. Nikaweka mkono juu ya tumbo, likawa gumu kama ubao, naye akanishika mkono ili niuondoe.

Hapo nilifanya jambo ambalo bado linanichoma. Nilimgeukia shangazi nikampigia kelele, mbele ya majirani, nikimwuliza kwa nini hakumpeleka hospitali tangu Jumatatu. Alibaki na kikombe chake mkononi. Angejibu nini? Mimi ndiye niliyemficha sababu ya kuogopa, halafu nikamlaumu kwa kutoogopa.

Majirani walifunga mablanketi kwenye miti miwili wakatengeneza kipoyi, wakambeba kwa zamu, wakiteremka taratibu kwa sababu ya mawe. Daktari mzee alimwona mlangoni na hakuuliza maswali. Mchana ule ule alimfungua kutoka chini ya kifua hadi chini kabisa. Nilingoja aje aniambie kwamba alinionya. Hakusema hivyo. Aliniita pembeni akaniambia kwamba ule mshono wa ndani uliachia, na uchafu ukaenea tumboni. Kwamba hili hutokea kwa matundu na hutokea kwa kisu, yeye mwenyewe limemtokea, na yule kijana asilaumiwe. Kwamba amemwosha, amemtolea utumbo nje, ubavuni, uingie kwenye mfuko. Kisha akasema kwamba angeletwa Jumatatu pengine angeniahidi kitu, lakini kwa leo hana ahadi. Wakati huo huo, kwenye korido, muuguzi aliyekuwa anapita na vifaa aliulizwa na shangazi kuna nini, naye akamjibu kwa maneno mawili tu kwamba utumbo umetoboka. Kisha akaenda zake.

Ijumaa baba hakuzungumza. Jumamosi mchana alifungua macho akiwa na akili zake zote. Alipapasa tumbo polepole, kutoka juu mshono unapoanza, akafuata hadi chini, akafika kwenye mfuko, akaacha mkono hapo. Nilikuwa peke yangu naye.

“Maman,” alisema, “hii haiko ya kanyama kadogo.”

Nikamwambia. Nililitamka neno lenyewe, kansa, kwa mara ya kwanza tangu nilisikie, na halikuwa zito kama nilivyodhani. Nilimwambia habari za beseni, na aliponiuliza urefu nilimwonyesha kwenye mkono wangu, kutoka kiwiko hadi kiganja. Nilimwambia yale niliyoambiwa pembeni ya ngazi. Aliuliza nani mwingine alijua. Nikasema mimi tu. Nilikuwa nalia, naye hakuwa analia.

“Homa ilianza Lundi asubui,” alisema. “Nilisikia mu tumbo, nikajua haiko malaria. Lakini nilisema ni kitu kidogo. Siwezi kuita mutoto yangu apite mu masasi juu ya kitu kidogo.” Akapumzika. “Ungeniambia iko kubwa, ningekuita.”

Nilimwomba msamaha, akanipa kwa kichwa, kama mtu anayetia mhuri jambo lililokwisha ili ashughulikie lingine. Kisha akaniambia kilichokuwa kinamsumbua. Dada yake hakuwa amekuja kitandani tangu Alhamisi. Alikuwa anaketi kule mwisho wa korido, hata kumtazama alishindwa.

“Anawaza ni dawa yake,” alisema. “Umuambie kweli. Asibebe ile.”

Alifariki Jumanne, asubuhi, akiwa amepewa sakramenti. Tulimzika haraka, kama watu walivyozikana miaka ile, kabla barabara hazijafungwa tena. Matanga yakawa ya siku chache. Mimi nilingoja watu waondoke, maana niliyopaswa kusema sikutaka kuyasema mbele ya mikeka iliyojaa. Hiyo pia ilikuwa hesabu mbaya, kwa sababu siku zote hizo shangazi alikaa katikati ya wanawake akiwaza peke yake, na kwa kila aliyeuliza mzee aliumwa nini, alijibu kwamba alimeza dawa kali tumbo likiwa tupu, ikamtoboa utumbo.

Nilimkuta nyuma ya nyumba anaosha sufuria za matanga. Nikakaa kwenye jiwe karibu naye. Nikamwambia yote, kutoka mwanzo: ile picha ya dirishani, kansa, beseni, kwa nini nilimzuia mlangoni, maneno ya daktari kwenye ngazi, kwamba utumbo ulitoboka pale uliposhonwa na kinini haikuhusika hata kidogo. Nilimwambia kwamba aliyeficha ni mimi, na kwamba kelele nilizompigia mbele ya majirani nilipaswa kujipigia mwenyewe. Nilimwambia kwamba ni baba mwenyewe aliyenituma. Sijawahi kusema kweli nyingi hivyo kwa mara moja.

Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, akiendelea kusugua. Alipomaliza sufuria aliyokuwa nayo aliigeuza juani, akafuta mikono kwenye kitenge, akaja akanishika kichwa kwa mikono yote miwili, jinsi alivyokuwa akinifanyia nilipokuwa mdogo na nimeanguka.

“Aksanti, mutoto yangu,” alisema. “Najua namna tunasemeshaka mutu mwenye huzuni. Uko na roho muzuri.”

Nikamwapia. Nikataja jina la mama. Akaitikia kila neno, ndiyo, ndiyo, mutoto yangu, kwa upole ule ule ambao mimi nilikuwa nautumia kwa baba, kisha akachukua sufuria nyingine.